Kumfundisha Kihispania mtoto wa Marekani, nawe umetoka Kigoma

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimezaliwa Kigoma, nikaletwa Ohio nikiwa na miaka 14. Sasa niko mwaka wa mwisho chuoni na Januari naanza mazoezi ya kufundisha Kihispania katika shule ya sekondari, wiki 14. Kihispania nimekisoma miaka saba, lakini si lugha ya kwetu. Darasa moja nililopangiwa lina watoto sita ambao nyumbani kwao wanaongea Kihispania. Naogopa watanicheka, na naogopa kusahau maneno mbele ya darasa. Nianzeje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umeuliza uanzeje, lakini nilipolisoma swali lako mara ya pili nilisikia jingine ndani yake: una haki gani ya kusimama mbele ya watoto hao? Haki unayo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimefundisha Kihispania katika sekondari za huku Marekani miaka 18, na walimu tarajali tisa wamepita darasani kwangu. Waliokwama hawakukwamishwa na Kihispania chao. Walikwama kwa sababu kila kipindi walikuwa wakifundisha ili waonekane wanajua, na mtoto aliyeanza Kihispania mwezi Agosti hana haja ya kuona kwamba unajua. Anataka akuelewe.

Hili nililifahamu kwa uchungu. Wiki ya tatu ya mazoezi yangu nilipangiwa ser na estar, vile vitenzi viwili vya "kuwa" ambavyo mahali pake Kiingereza hutumia kimoja tu. Nilikesha nikichora chati ya rangi tatu. Nikaingia, nikaeleza kwa Kihispania kilichonyooka dakika arobaini, na watoto wakanitazama kwa heshima zote. Mwalimu mwenyeji wangu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, alikaa nyuma na daftari. Kengele ilipolia akanipa ukurasa mmoja. Upande wa kushoto alikuwa amechora mstari mdogo kwa kila sentensi niliyotamka mimi, na mistari ilikuwa imejaa hadi chini ya karatasi. Upande wa kulia alikuwa amechora mstari kwa kila sentensi ya mwanafunzi. Ilikuwa minne. Mmoja kati ya hiyo minne ulikuwa ¿Puedo ir al baño?, yaani "naweza kwenda chooni?"

Hakunikaripia. Kesho yake aliomba kipindi kile kile akifundishe yeye, nami nikae nyuma na daftari. Akafungua mfuko wake wa chakula cha mchana, akatoa chungwa. ¿Es una naranja? Sí. ¿Es una naranja o un limón? (Ni chungwa au limau?) Una naranja. ¿Es grande o es pequeña? (Ni kubwa au ni dogo?) Kisha akampa kijana mmoja wa mstari wa mbele, naye akalificha chini ya kiti. ¿Dónde está la naranja? (Chungwa liko wapi?) Darasa likalipuka. ¡Debajo de la silla! (Chini ya kiti!) Akalitoa, akalipitisha mikononi mwao. ¿Está fría? (Ni la baridi?) Sí, está fría, maana lilitoka kwenye friji. Chungwa lilizunguka hivyo robo saa, na kila mtoto alisema kitu. Mwishoni ndipo akaandika ubaoni sentensi mbili tu, la naranja es grande, la naranja está debajo de la silla, akawauliza tofauti ni nini. Msichana aliyekuwa hajafungua mdomo tangu Septemba akaeleza. Upande wa kulia wa daftari langu, mistari ilifika 61.

Namna ile ya kuuliza ina historia yake. Stephen Krashen, mwanaisimu wa California, alisisitiza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lugha huingia kwa yale tunayoyasikia na kuyaelewa, yakizidi kidogo tu yale tunayoyajua. Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania wa huko huko California, akaligeuza wazo hilo kuwa ufundishaji wa visa vinavyotungwa papo hapo na darasa. Chuoni bila shaka umeyasoma. Umeambiwa pia kwamba ACTFL, chama cha walimu wa lugha cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1967, kilitoa tamko mwaka 2010 kwamba angalau asilimia 90 ya muda wa somo itumike lugha inayofundishwa. Walimu tarajali wengi hulisikia tamko hilo nusu. Hushika asilimia 90, wakaongea Kihispania kama redio, wakaacha kwamba maneno hayo lazima yaeleweke. Afadhali maneno 30 yanayorudiwa kwa picha, kwa mikono, kwa uso na kwa chungwa, kuliko 300 yanayopita juu ya vichwa vya watoto. Pale wanapopotea kabisa, sema sentensi moja ya Kiingereza, urudi. Hujatenda kosa.

Na usijihukumu kwa mizani isiyo yako. Mwaka wa masomo katika majimbo mengi ni siku 180 hivi. Kipindi kikiwa cha dakika 50, mtoto hupata saa 150 kwa mwaka, na hiyo ni bila kutoa siku za theluji, mitihani na mazoezi ya moto. Taasisi inayowafunza wanadiplomasia wa Marekani huwapa watu wazima wanaosoma kutwa nzima saa 600 na zaidi ili wafike mahali pazuri katika Kihispania. Wewe kwa wiki zako 14 utakuwa na saa 58 kwa kila darasa, siku zote zikikamilika. Ukimwacha mtoto anaweza kusimulia wikiendi yake kwa sentensi sita, umefanya kazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sidhani chuoni wamekwambia, kwa sababu wanaofundisha huko wengi hawana Kiswahili. Wewe unaingia kwenye Kihispania kwa mlango ambao wanafunzi wako hawaujui, na mlango huo uko karibu zaidi. Mmarekani anahangaika na quiero que vengas, na vitabu vyao vinaifanya sura nzima ya kutisha. Sisi tunasema "nataka uje". Kitenzi kimebadilika mwishoni kwa sababu ya "nataka", basi. Yeye anashangaa kwa nini umri "unamilikiwa" katika tengo quince años, nasi tangu utotoni tuna miaka, tuna njaa, tuna kiu: tengo hambre, tengo sed. Me gusta el café kwake iko kichwa chini, lakini "kahawa inanipendeza" inakaa vizuri kabisa mdomoni mwetu. Los libros pequeños, kila neno likibeba alama ya mwenzake? "Vitabu vidogo" imetuzoesha hilo kabla hatujaenda chekechea. Hata ser na estar: tunasema "ni mwalimu" lakini "yuko sokoni". Es maestra, está en el mercado.

Usiligeuze hili kuwa kanuni ya kuwapa wanafunzi, wao hawana Kiswahili, tena lina mipaka yake. Chakula ni kitamu, lakini Kihispania husema la comida está rica. Sherehe iko nyumbani kwangu, lakini la fiesta es en mi casa. Nakutajia ili ujue kwamba unapoiona sarufi hii ni nyepesi, si kwa sababu una kipaji cha ajabu. Mwenzako anaipanda kutoka upande wenye mwinuko. Ukilijua hilo hutakuwa na haraka naye.

Kiswahili kina mitego yake vilevile, na huu ndio wakati wa kuitegua, kabla watoto hawajakusikia. Wa kwanza ni mkazo. Ulimi wetu hukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho kila mara, na maneno mengi ya Kihispania yanakubali, casa, mesa, ventana. Ila hablar, ciudad, español, papel hayataki. Na kuna pale ambapo mkazo unabeba maana nzima: papa ni kiazi, papá ni baba, hablo ni "nazungumza", habló ni "alizungumza". Jirekodi kwenye simu ukisoma ukurasa mmoja kila jioni, usikilize hilo tu. Mtego wa pili ni "yeye". Lugha yetu haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo ukichoka mchana utasema él ukimaanisha ella. Mimi bado hunitokea kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Najirekebisha kwa sauti, naendelea, na watoto wanajifunza kwamba kurekebisha ni sehemu ya kuongea.

Wale sita sasa. Nimewaweka hapa katikati kwa sababu najua ndio wanaokunyima usingizi. Watoto wa nyumba za Kihispania hawafanani hata kidogo. Mmoja anasoma magazeti na bibi yake, mwingine anaelewa kila kitu lakini hujibu kwa Kiingereza, wa tatu anaongea kama maji lakini hajawahi kuandika barua. Wengi wao wamewahi kuambiwa, mara nyingine na mwalimu wa Kihispania, kwamba cha kwao ni kibovu. Wanasema haiga ("kuwe na") mahali ambapo kitabu kinataka haya. Wanasema troca kwa gari la mizigo na parquear kwa kuegesha. Siku mwalimu anapomkata mtoto mbele ya wenzake kwa neno la mama yake, anampoteza mwaka mzima.

Hapo kumbuka kwetu. Mimi nimekulia kwenye Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya kwetu Tanga. Mwaka 1928 wajumbe waliokutana Mombasa walichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 kamati ya lugha ikakisimamia shuleni. Bibi yangu hakuanza kukosea Kiswahili mwaka huo. Wewe wa Kigoma unajua zaidi yangu jinsi Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kinavyotofautiana na cha Dar es Salaam, na watu wanaelewana, wanaoana, wanafanya biashara. Mwambie mtoto hivyo hivyo: haiga ni Kihispania cha zamani kilichobaki vijijini, nyumbani kitumie, kwenye mtihani andika haya. Atakusikia.

Mwaka mmoja mwalimu tarajali wangu alikuwa na kijana wa familia ya Honduras aliyekaa nyuma amefunika kichwa kwa kofia ya sweta. Somo lilikuwa vyakula. Yule binti mwalimu, badala ya kumpa karatasi ya mazoezi kama wengine, alikwenda akachuchumaa kando ya dawati lake, akamuuliza kwa Kihispania: kwenu baleada mnaiwekea nini? Yeye hakuijua, aliuliza kweli. Kijana akavua kofia. Akaeleza chapati ile ya ngano, maharage, jibini, krimu, na jinsi mama yake anavyoikunja, mikono yote hewani. Baada ya hapo aliombwa aandike maelezo yale kwa aya mbili, na humo ndipo makosa ya tahajia yalipojitokeza na kupata dawa. Angalia mpangilio: kwanza alipewa nafasi ya kujua kitu ambacho mwalimu hakijui, kisha ndipo akafundishwa. Hao sita wakikusahihisha neno, sema gracias, liandike ubaoni. Ukibishana umekwisha.

Swali jingine litakuja, pengine siku ya kwanza, na si lazima liwe na ubaya: wewe Mwafrika, kwa nini Kihispania? Usilijibu kwa kujitetea, lijibu kwa ramani. Onyesha Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyopata uhuru kutoka kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi na watu wake nyumbani huzungumza Kifang na Kibubi, lugha za Kibantu kama zetu. Kisha vuka bahari hadi San Basilio de Palenque, kijiji cha Kolombia kilichoasisiwa na watu waliotoroka utumwa. Lugha yao, ambayo pamoja na utamaduni wao UNESCO iliitambua mwaka 2005, imechanganya Kihispania na maneno ya Kikongo. Ng'ombe kwao ni ngombe. Mtoto ni moná. Mara ya kwanza nilipoliona neno lile kwenye ukurasa nilikaa kimya muda mrefu.

Ukipata dakika tano za ziada, andika ubaoni mesa na meza, bandera na bendera, azúcar na sukari, aceituna na zeituni. Waache wakisie. Zile mbili za kwanza tuliachiwa na Wareno, waliojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, na Kireno na Kihispania ni ndugu. Zile mbili za mwisho ni Kiarabu, kilichofika kwetu kwa majahazi na kikafika Hispania na watawala Waislamu walioingia mwaka 711. Watoto hupenda jambo hili, na wenye asili ya Afrika darasani hulipenda zaidi.

Kuhusu nidhamu nitakuwa mfupi, kwa sababu sehemu kubwa yake inaisha kabla ya kengele. Simama mlangoni, msalimie kila mmoja kwa jina lake. Majina yajue ndani ya siku tatu, chora ramani ya viti ikibidi. Wakute kazi ndogo ubaoni wanapokaa. Ukiwa na jambo na mtoto, mfuate alipo, ongea naye kwa sauti ya chini. Ukigombana naye mbele ya wenzake hawezi kurudi nyuma hata akitaka. Simu zifuate sheria ya shule, usibuni yako. Na kabla ya wiki ya pili kuisha, wapigie wazazi watatu uwape habari njema. Huku wazazi wakiona namba ya shule hushtuka. Sauti inavyolegea upande wa pili utaisikia mwenyewe.

Mwalimu mwenyeji: darasa ni lake. Alilikuta, na Mei atalifikisha kwenye mitihani bila wewe. Siku za mwanzo atakuachia kipindi kimoja, kisha viwili, baadaye siku nzima, halafu utamrudishia taratibu. Usimwombe "maoni" kwa ujumla, maana atakwambia ulifanya vizuri. Mwombe aangalie kitu kimoja kwa kipindi kimoja: ahesabu nani amezungumza, au apime dakika zako za Kiingereza, au aangalie mstari wa nyuma peke yake. Andalio la somo mpe siku moja kabla, si asubuhi ile. Akifundisha kwa namna usiyoipenda, orodha za maneno na tafsiri, usiende na makala za chuoni kumwonyesha. Omba dakika kumi za kujaribu kitu chako ndani ya somo lake.

Yako mambo ya karatasi ambayo hayangoji. Uliza leo jimbo lako linadai nini ili upate leseni. Baadhi ya majimbo yanataka mtihani wa mazungumzo wa ACTFL uitwao OPI, na ngazi inayotakiwa kwa Kihispania mara nyingi ni Advanced Low, kwa maana uweze kusimulia kisa kizima kwa wakati uliopita bila kuvunjika. Tunga visa hivyo sasa, vitatu vinne vya maisha yako halisi. Majimbo mengine yamekuwa yakidai edTPA, ile kazi ya kurekodi masomo yako na kuyachambua. New York, kwa mfano, waliiacha mwaka 2022. Kama unadaiwa kazi hiyo, vibali vya wazazi vya kurekodi video vikusanye wiki ya kwanza. Na pesa: mazoezi haya kwa kawaida hayalipwi, nawe utachoka kuliko unavyodhani. Ukiweza kuweka akiba ya kodi ya miezi mitatu kabla ya Januari, weka. Kazi ya usiku siku za wiki ikatae. Nilimwona mwalimu tarajali mzuri akisinzia kwenye kiti changu saa nne asubuhi, na hakuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba alikuwa ametoka zamu.

Hofu yako ya kusahau maneno: utasahau. Neno la kifuniko cha kalamu, la kichujio, la mnyama fulani. Jifunze sentensi tatu mpaka zitoke zenyewe. ¿Cómo se dice...? (Inasemwaje...?) Es una cosa que sirve para... (ni kitu cha ku...) na Es parecido a... (kinafanana na...). Ukisahau, zitumie kwa sauti, mbele yao, zunguka neno hadi mtu alitaje. Hizo ndizo sentensi ambazo mwanafunzi wako atazihitaji siku atakaposhuka kwenye basi mjini Lima au Sevilla, na kwa kawaida hakuna anayemwonyesha zinavyofanya kazi.

Siku ya kwanza, basi. Usianze na kanuni za darasa wala sarufi. Njoo na ramani kubwa na picha moja ya nyumbani, mwalo wa dagaa ukiwa nayo. Sema polepole, kidole kikiwa kwenye ramani: Soy de Kigoma (natoka Kigoma). Kigoma está en Tanzania. Está a orillas del lago Tanganica (iko kando ya Ziwa Tanganyika). Wape muda waitazame picha. Kisha uliza: ¿Soy de Kenia? Wakisema no, uliza tena: ¿Soy de Tanzania o soy de Kenia? ¿Dónde está Kigoma? Halafu mgeukie mmoja wao, ikiwezekana yule aliyekaa mbali zaidi: ¿Y tú? ¿De dónde eres? (Nawe unatoka wapi?) Nyamaza umngoje, hata sekunde kumi zikipita. Ukifika nyumbani jioni, andika kwenye daftari mistari mingapi ilikuwa upande wako na mingapi upande wao, nawe uniletee hesabu hiyo wiki ya kwanza ikiisha.